Miguu ya Cherehani

Yudith alirudi kutoka Mlalo Jumamosi mchana akiwa na kikapu cha viazi kichwani na habari njema moyoni. Viazi alikuwa radhi kumgawia jirani yeyote ambaye angemsalimu vizuri, lakini habari aliibana, kwa sababu alitaka mumewe awe wa kwanza kuisikia. Miezi yote aliyokuwa akimuuguza mama yake hakuwahi kutamani kufika nyumbani kama alivyotamani siku hiyo.

Nyumba yao ya kupanga ilikuwa nyuma ya soko la Lushoto, kwenye mteremko, vyumba viwili na stoo. Alipoingia sebuleni alitua kikapu, akanyoosha mkono kuchukua chupa ya chai pale inapokaa siku zote, juu ya cherehani yake. Mkono ukakuta hewa. Chupa ilikuwepo, redio ilikuwepo, na kitambaa cha kufuma kilikuwa chini yake kimenyooshwa kwa heshima zote. Lakini vyote vilikuwa vimekaa chini zaidi, juu ya kimeza kipya chenye mguu mmoja mfupi kuliko mingine. Cherehani haikuwepo.

Kwanza alidhani wameibiwa. Lakini mwizi gani huyo anayekuachia kimeza cha kuwekea chai?

Kutoka stoo kulisikika kitu kikinguruma, kikikwama, kikinguruma tena, kisha sauti ya mwanaume ikasema, "Ah!"

Stoo ile ilijengwa kwa ajili ya mkaa na majembe. Mtu mmoja akisimama ndani, wa pili hana budi kubaki mlangoni. Nikodemo, mumewe, karani wa masijala katika ofisi ya serikali, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukikanyaga kanyagio la cherehani ya mkewe. Juu ya ile miguu ya chuma, mahali pa kichwa cha cherehani, alikuwa amefunga vipande viwili vya gogo, na kati yake ekseli ya baiskeli. Kwenye ekseli kulikuwa na kipande cha mti wa peasi kinachozunguka kwa kusitasita. Mkononi alishika patasi aliyoichonga kutoka kwenye tupa kuukuu, na maranda yalikuwa yamemjaa nywele hadi nyusi. Alipogeuka na kumwona mkewe alitabasamu, na ubaya wote ulikuwa hapo: alitabasamu kwa furaha ya kweli, kama mtu asiye na kosa lolote duniani.

"Umerudi! Mama anaendeleaje?"

"Hajambo. Baba Witness, hiyo ni nini?"

"Kerezo," alisema, na neno lenyewe lilimtoka kwa utamu. "Unazungusha mti, unaugusa na patasi, unakuwa duara. Unalikumbuka lile la karakana ya misheni kule kwenu, walilokuwa wanakerezea miguu ya vitanda? Nimetengeneza langu!"

"Kwa cherehani yangu."

"Kwa miguu yake tu. Kichwa nimekifunga kwenye gunia safi, kiko chini ya kitanda. Hakina hata mkwaruzo."

"Na meza yake?"

Nikodemo akaacha kukanyaga. Meza ya cherehani ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya gunia la mkaa, imekatwa kwa msumeno katikati kabisa, na ile futi ya shaba iliyopigiliwa ukingoni, ambayo Yudith alipimia nguo zake tangu akiwa msichana, ilikuwa imekatika pamoja nayo.

"Ilikuwa inanizibia mkanda," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani huitumii tena."

Tusimwonee. Alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Tangu biashara ifunguliwe na kila kitu kuwa ruksa, mitumba ilipanda milima ya Usambara kwa marobota, na gauni lililovaliwa Ulaya likawa rahisi kuliko kitambaa kitupu dukani. Wateja wa Yudith walipungua, kisha wakawa wanakuja kusalimia tu, kisha wakaacha hata kusalimia, kwa aibu. Cherehani ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Siku moja ikawekewa redio. Na kila mwenye nyumba anajua kwamba cherehani ikishawekewa redio na chupa ya chai imekwisha kustaafu. Nikodemo, mtu mwenye adabu zake, hakuichukua hivi hivi. Alianza kwa kutengeneza kimeza cha chai.

Lakini hakuuliza. Na kosa la mtu mpole huuma zaidi, kwa kuwa huna hata pa kumkasirikia.

Yudith alikaa mlangoni. "Mama Dorkasi wa kwaya alikuja Mlalo kwenye semina ya akina mama," alisema. "Kaniita pembeni. Kwaya inataka majoho mapya kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno, kwaya nzima. Kitambaa kimeshanunuliwa. Kaniambia, Yudith, tumesema ushone wewe." Akaitazama ile futi iliyokatika. "Njia nzima nilikuwa nakanyaga sakafu ya gari, nashona."

Baada ya hapo akaingia kwenye Kishambaa, lugha ambayo nyumbani mwao ilitumika kwa mapenzi na kwa ugomvi, na safari hii haikuwa mapenzi. Nikodemo alisikiliza yote akiwa amesimama, patasi mkononi, hana hata nafasi ya kurudi nyuma hatua moja.

"Nitairudisha," alisema mwishoni.

"Rudisha."

*

Ni rahisi kusema. Jumapili, baada ya ibada, Nikodemo aliunganisha meza kwa misumari na ubao chini yake, akarudisha kichwa, akaweka mkanda. Yudith alikaa, akakanyaga, na cherehani nzima ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika tena. Alisimama, akaenda kumenya viazi.

Jumatatu Nikodemo alipita kwa Lucian, fundi seremala wa barabara ya hospitali. Lucian alikuwa amezungukwa na mbao za vibanda. Mji mzima ulikuwa unafungua vibanda siku hizo, vya sabuni, vya kanda za redio, vya mandazi, na kila kibanda kilianzia mikononi mwake.

"Meza ya cherehani?" Lucian aliuliza, penseli sikioni. "Si wewe mwenyewe ni fundi? Nimesikia una kerezo. Ofisini kwenu hawazungumzi jingine."

Wanafunzi wake wawili wakacheka. Nikodemo alicheka nao, maana angefanya nini.

"Nakutania, mzee. Ila kwa sasa siwezi. Njoo baada ya Mavuno."

"Baada ya Mavuno haitanifaa."

"Basi ikereze," alisema Lucian, akarudi kwenye randa yake.

Ikabidi Yudith aende kwa Hafidhi. Hafidhi alikuwa fundi mwenzake wa zamani mwenye kibaraza mkabala na soko, naye alinusurika kwa kuacha kushona na kuanza kupunguza: suruali ya Mzungu ikitoka kwenye robota alikuwa anaikata kiuno na miguu mpaka imtoshe Mshambaa. Alikuwa mtu mwema. Alimwambia, "Dada Yudith, asubuhi mpaka adhuhuri cherehani ni yako. Mimi nitakata kwa mkasi." Na hakuuliza yake imepatwa na nini, ingawa mji mzima ulikuwa umeshamweleza.

Wengine waliuliza. Mwanamke mwenye cherehani yake mwenyewe ndani, akionekana kwenye kibaraza cha mtu kama kibarua, ataulizwa tu. "Mama Witness, umehamia kwa Hafidhi?" "Mama Witness, ni kweli baba Witness kaifanya cherehani kuwa kinu?" Yudith alijibu "Inatengenezwa," mpaka neno likamchosha mdomo. Kitambaa cha zambarau kilikuwa kinateleza, mwanga wa kibaraza ulikuwa wa ubavuni, na kiti cha Hafidhi kilikuwa kirefu kwa miguu yake. Lakini akiwa amekanyaga, na sindano inakimbia, kulikuwa na wakati ambapo alisahau yote hayo. Alikuwa fundi tena. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwita hivyo, na hakuwa amejua kuwa kulikosa jina lile kulikuwa kumemwacha na njaa.

Ijumaa Mama Dorkasi, mwenyekiti wa kwaya, alipita sokoni na mwavuli wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Dorkasi alitazama cherehani, akamtazama Hafidhi, akatazama rundo la suruali za mitumba ambalo majoho yalikuwa yamelazwa pembeni yake. "Yudith. Mwenzangu. Sisi tulitoa kazi kwa mwenye cherehani."

"Ninayo, mama. Inatengenezwa."

"Wapo kwenye kamati waliosema tununue Tanga, majoho yapo dukani yameshashonwa, yametoka nje. Mimi ndiye niliyesimama nikasema tuna mtu wetu." Aliinama, akageuza pindo, akaliangalia. Pindo lilikuwa safi. Alilijua hilo, na ndiyo sababu sauti yake ilipungua. "Usiniaibishe, mwanangu. Kama huwezi, sema mapema, nichukue kitambaa."

"Naweza."

Mama Dorkasi hakuwa amefika hata kona ya soko pale Hafidhi alipokohoa. Alikuwa amejikunyata na tepu yake shingoni.

"Dada Yudith, nisamehe. Kesho wanafungua robota jipya. Suruali tupu. Watanijia kuanzia alfajiri, na hiyo ndiyo riziki yangu."

"Najua, Hafidhi."

"Ningekuwa na cherehani ya pili..."

"Najua. Mungu akubariki kwa hizi siku."

Alikunja majoho, akayatia kwenye shuka, akayabeba kichwani akapanda nayo mteremko wa nyumbani. Hakulia barabarani. Alilia sebuleni, mbele ya chupa ya chai.

*

Nikodemo alimkuta hivyo aliporudi kutoka kazini. Akaenda moja kwa moja stoo. Yudith alisikia yale magogo, yaliyokuwa yamewekwa kando tangu Jumapili, yakitenganishwa na nati za ekseli zikianguka kwenye kopo moja moja. Halafu akasikia msumeno, na msumeno huo haukunyamaza mpaka giza lilipoingia.

Kulikuwa na ubao wa mkulo, mti wa milimani wenye harufu kali. Nikodemo aliupata misheni walipobomoa kabati la zamani, mpana, mzito, umekauka miaka na miaka, na aliuhifadhi juu ya kenchi za stoo umefungwa kwa kanga kuukuu. Siku akijua kukereza sawasawa, aliwahi kumwambia mkewe, angetoa humo bakuli moja kubwa. Bakuli la nini? Hakusema. Yudith naye hakuuliza, kwani wakati ule aliona ni maneno ya mwanaume aliyeshiba.

Ubao huo ndio alioukata. Aliupiga randa akiwa amepiga magoti uani, kwa sababu ndani haukugeuka. Tundu la kichwa alilitoboa kwa keekee na kulichonga kwa patasi, kidogo kidogo, akipima kwa kichwa chenyewe alichokuwa akikinyanyua na kukishusha mpaka mgongo ukamuuma. Hapa hapakuwa na kuzunguka wala uduara. Ilikuwa kazi ya pembe na mistari, kazi asiyoipenda, na aliifanya vizuri kuliko yoyote aliyowahi kuifanya. Futi ya shaba aliiunga, akaipigilia ukingoni mahali pake. Kiungo kilionekana. Hakuna namna ambayo kisingeonekana.

Jumapili jioni cherehani ilikuwa sebuleni.

Yudith alikaa. Alikanyaga. Haikutetemeka hata kidogo. Mkulo ulikuwa mzito kuliko meza ya zamani, na sindano ilishuka na kupanda kwa sauti moja, nzito, ya kutegemewa. Alishona joho zima bila kuinua kichwa. Alipokata uzi alimkuta Nikodemo bado amesimama mlangoni.

"Iko sawa?"

"Iko sawa," alisema. Alitaka kusema zaidi, lakini alikuwa bado na hasira kidogo, na hasira iliyobaki kidogo ni ngumu kuimaliza.

*

Majoho yaliisha kabla ya Mavuno. Yalinukia mkulo. Harufu iliingia kwenye kitambaa na haikutoka, na Mama Dorkasi alipolivaa la kwanza alinusa mkono wake akasema, "Tutaimba tukinukia kama kabati la Mchungaji." Kisha akajigeuza mbele ya kioo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Siku ya Mavuno kwaya iliposimama, zambarau tupu, mikono yote imeanguka sawa, kanisa zima lilishusha pumzi. Mtu wa benchi la mbele aliuliza kwa kunong'ona nani ameshona, na jibu lilipita benchi kwa benchi mpaka likamfikia Yudith mwenyewe: fundi Yudith. Alitazama chini, akaona viatu vyake, akavipenda hivyo hivyo vilivyo.

Kazi zikaanza kuja. Si nyingi, mitumba haikwenda popote. Lakini kwaya ya vijana ilitaka yao, bibi harusi mmoja hakutaka gauni lililovaliwa na mtu mwingine, na Esteria, jirani wa nyumba ya pili, aligundua kuwa ana magauni ya kupunguza kila wiki.

Nikodemo akawa mume mwema kupita kiasi. Alirudi kutoka kazini, akachota maji, akafagia, akakaa karibu na redio mikono juu ya magoti. Akiulizwa chakula gani anataka, alisema chochote. Stoo ilikuwa ya mkaa tena. Yudith alikuwa ameyatamani hayo yote, nyumba safi na mume aliyetulia, na sasa alipoyapata yalimkosesha raha. Alikuwa akishona huku akitega sikio, na ilimchukua muda kujua anatega nini. Alikuwa anasubiri ile sauti ya kutoka stoo ikisema "Ah!"

Jumamosi moja alikwenda kuchota mkaa. Nyuma ya gunia kulikuwa na boksi la sabuni, na ndani yake ndizo zile kazi za Nikodemo: vijiti vilivyotaka kuwa vipini, vikombe vilivyopasuka, kitu kama yai lililokaliwa na mtu. Hakuna kilichonyooka. Chini kabisa kulikuwa na kitu kidogo cha mti wa peasi, chembamba, chenye kiuno. Nusu yake ilikuwa laini kama ulimi. Nusu nyingine ilikuwa na jeraha la patasi.

Alikwenda nacho sebuleni.

"Hiki ni nini?"

Nikodemo alikiangalia kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni. "Hakuna kitu. Nilitaka kukitupa."

"Nimekuuliza ni nini."

"Ni... cha mviringo."

"Kina kazi gani?"

"Hakina kazi."

"Watu wote mjini wana miradi. Wengine kuku, wengine vibanda. Wewe mradi wako ni kitu kisicho na kazi?"

Nikodemo alidhani anamkemea tena, akainamisha kichwa. Lakini alijibu, na alijibu kwa ukweli. "Kazini nashika mafaili ya watu, mama Witness. Nayatoa, nayarudisha. Jioni hakuna ninachoweza kukuonyesha nikasema leo nimefanya hiki. Kitu kama hicho kinapozunguka, kuna wakati mdogo tu kinakuwa laini chini ya patasi, unausikia mkononi, na kabla yako hakikuwepo." Akapangusa uso. "Basi. Sina maelezo mengine. Na isitoshe sikuweza."

"Mbona kimejeruhiwa hapa?"

"Mguu. Nikiangalia mkono, mguu unasahau. Gurudumu linarudi nyuma, patasi inazama. Kila mara."

Yudith akacheka. Alicheka mpaka akashika kiti, na Nikodemo, aliyekuwa amejiandaa kwa jambo jingine, akainua kichwa kumtazama.

"Gurudumu kurudi nyuma!" alisema. "Si ndiyo ugonjwa wa kila mwanafunzi wa cherehani! Mwalimu wangu alinikanyagisha bila uzi mpaka miguu ikavimba. Wewe mtu, umejifungia humo miezi yote na ugonjwa wa wiki ya kwanza, na mkeo ni fundi!"

"Ningekuulizaje? Ilikuwa cherehani yako."

Hilo lilimgusa Yudith. Alikipapasa kile kitu, ule upande laini. "Yale magogo yako," alisema. "Yanaweza kukaa kwenye hii meza mpya, pale penye kichwa?"

"Yanaweza," alijibu haraka mno. Kisha, kwa aibu, "Nilipima. Kupima tu."

"Toa kichwa."

"Una kazi za watu, mama Witness."

"Toa kichwa, nimesema."

Walibeba cherehani pamoja mpaka stoo, yeye mbele, Yudith nyuma. Gunia la mkaa lilitolewa uani na majembe yakalifuata, na hata hivyo hawakuenea. Ilibidi Yudith aingie kwanza, akae juu ya kigoda, mgongo ukutani, na Nikodemo asimame upande wa pili, tumbo karibu na paji la uso wa mkewe, goti lake likigusa la mkewe. Hawakuwa wamekaa karibu hivyo mchana kweupe tangu Witness, mtoto wao aliye shule ya bweni, azaliwe.

Nikodemo alipokwisha kufunga magogo, ekseli na kipande kipya cha mti wa peasi mahali pa kichwa, Yudith akavua viatu. Akaweka miguu yote miwili kwenye kanyagio, akalisukuma gurudumu kwa kiganja mara moja, likashika. Kipande cha mti kikaanza kuzunguka, kwanza kikionekana pembe zake, kisha pembe zikayeyuka.

"Gusa," alisema.

"Kitakwama."

"Wewe angalia mkono. Mguu niachie mimi."

Akagusa. Patasi ikalia kidogo, kisha ikaacha kulia, na utepe wa maranda, mrefu na mwembamba, ukatoka bila kukatika, ukaanguka juu ya mapaja ya Yudith. Alisikia kwa nyayo zake pale patasi ilipobana, akaongeza, na ilipolegea akapunguza, bila kuambiwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka Nikodemo na hakuwa na mkono wa kuyapangusa.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Esteria, mlango wa mbele. "Hodi hapa! Fundi upo? Nimekuletea gauni, la leo leo, nina sherehe jioni."

Nikodemo akanyanyua patasi. Mti uliendelea kuzunguka mbele yake, mtupu, ukingoja. "Nenda," alinong'ona. "Mteja huyo."

Yudith hakuacha kukanyaga.

"Karibu, Esteria!" aliita kupitia ukuta wa stoo. "Pole, mwenzangu, leo sitaweza. Cherehani ina kazi!"

"Kazi ya nani?"

"Ya baba Witness!" Akamtazama mumewe, aliyekuwa bado ameshikilia patasi hewani kama mtu aliyesahau ni ya nini. "Gusa," akamwambia. "Miguu inapoa."